Makaa ya Jumapili

Daraja la pili halikuwa na sakafu. Doreen Peart, mwenye miaka sabini na mmoja, alilivuka kwa kukanyaga vyuma vya pembeni huku akiyatukana mataruma ambayo hayakuwapo. Ng'ambo ya kijito kilichopita chini yake hakuwahi kufika kwa miguu. Upande wake, wa kijiji cha Wrayburn, aliijua reli ya zamani ya mgodi kama alivyolijua jiko la shule alikopika miaka thelathini na mmoja. Alijua mahali mabehewa ya makaa yalipopinda, na alijua jiwe ambalo kamba ya chuma ya kuvutia mabehewa ililikwangua hadi likawa na mfereji unaoingia kidole. Reli zenyewe zilikuwa zimeng'olewa mwaka 1968, mgodi ulipofungwa, zikauzwa kama vyuma chakavu. Lilibaki tuta lenye miiba, na yale mawe ya mraba yenye matundu mawili mawili yaliyokuwa yakishikilia reli, ambayo watu wa Wrayburn wameyafanya vizingiti, ngazi za bustani na viti vya kukalia wakivuta sigara.

Leo alikuwa akiyafuata mawe hayo kwa hasira, akitafuta ushahidi. Ilikuwa Alhamisi. Jumatatu asubuhi zege lingemwagwa kwenye kiwanja namba kumi na nne, pale kwenye nyumba mpya zinazojengwa nyuma ya kanisa, na kiwanja hicho alikuwa amekwisha kukinunua mjukuu wake Gemma, yeye na mumewe na mtoto wao wa miezi mitano. Chini ya kiwanja hicho kulikuwa na shimo. Doreen alilijua kwa sababu ya theluji. Majira matatu ya baridi mfululizo alisimama kwenye uzio akatazama shamba lote jeupe, isipokuwa duara moja, kubwa kama meza ya kulia chakula, ambapo theluji ilikataa kukaa. Mahali panapofanya hivyo kuna uvungu chini, na uvungu huo unapumua. Mtoto yeyote wa Wrayburn wa zamani angekuambia.

Alikuwa ameiambia kampuni ya ujenzi. Injinia, kijana mwenye adabu, alimwonyesha ramani ya mgodi. Shimo lilikuwa moja tu, nyuma ya kituo cha basi, na limezibwa vizuri. Kisha akamwonyesha karatasi iliyotiwa sahihi na mzee kuliko wote walio hai waliowahi kufanya kazi katika mgodi wa Wrayburn, akithibitisha kwamba shamba lile halikuchimbwa kamwe. Sahihi ilikuwa ya Wilfred Nattrass. Kaka yake.

Tangu hapo msimamizi wa ujenzi, Craig, kila akimwona na fimbo yake na daftari lake la shule alimuuliza mbele ya wenzake, "Bibi Reli, treni imechelewa tena?"

Na Wilf naye alipoulizwa alisema amesema alichosema, akarudi kwenye liki zake, mboga za jamii ya kitunguu alizozilea bustanini.

Ng'ambo ya kijito mawe yalikoma kwenye safu ya nyumba sita za matofali ambazo Doreen alikuwa akiziona kwa mbali tu, kutoka dirishani mwa basi. Cold Rigg. Mawe manne yenye matundu mawili yalikuwa yamepangwa kuzunguka kitanda cha maua mbele ya nyumba ya mwisho, na mlangoni alisimama mwanamke mzee sana mwenye mkasi wa kukatia vitambaa, akamtazama anavyohangaika na miiba bila kumsaidia.

"Wewe ni mtoto wa Jos mhubiri," mwanamke alisema. "Una pua yake. Ingia, lakini viatu viache nje, sina mtu wa kunisugulia."

Alikuwa Ettie Gowland, na Doreen alimkumbuka kwa jina. Watu wa kina Gowland waliishi safu ya nyumba za chini kijijini kabla halmashauri haijaamua, miaka ya hamsini, kwamba Wrayburn ni kijiji kisichostahili tena bomba jipya wala taa ya barabarani, kiachwe kife chenyewe. Hakikufa. Safu ya chini ndiyo iliyobomolewa, watu wake wakatawanywa. Ettie alikuwa na miaka themanini na minne. Sakafuni palikuwa na zulia la vitambaa lililofika nusu, nyekundu katikati na nyeusi pembeni, na aliirudia kazi yake wakati huohuo Doreen akieleza juu ya theluji, na kiwanja namba kumi na nne, na mawe yaliyomtoa kwenye tuta hadi kijitoni bila sababu yoyote ambayo reli ya mgodi ingeweza kuwa nayo.

"Kumbe Wilf hajakwambia?"

"Wilf hajaniambia hata saa."

Ettie aliweka mkasi chini, akaanza kusimulia, na hakuharakisha. Mwaka 1926 wenye migodi walitaka watu wafanye kazi muda mrefu zaidi kwa ujira mdogo zaidi. Watu wakakataa, na tangu Mei malango yakafungwa. Ilipofika Juni, nyumba za watu waliotoa makaa ardhini kwa maelfu ya tani hazikuwa na kipande cha kuchemshia chai. Wanawake walipokwenda kuokota kwenye lundo la taka la mgodi, polisi waliwafukuza kwa virungu. Basi wanaume kumi na mmoja wakajua la kufanya. Kwenye ukingo wa shamba nyuma ya kanisa tabaka la makaa hupanda karibu na uso wa ardhi. Walitoboa hapo, wakaingia kwa magoti, wakavuta makaa kwa mabeseni ya kuogea hadi kwenye tuta la reli ambayo siku hizo ilikuwa kimya, kisha ng'ambo ya kijito, mbali na macho.

Tatizo lilikuwa saa ya kuchimba. Polisi walizunguka usiku na mchana. Ilikuwapo saa moja tu ya usalama katika wiki nzima, saa ambayo sajini wa polisi na meneja wa mgodi na mke wa meneja walikuwa wamekaa kwenye kanisa lao la juu mlimani, wamevaa glavu.

"Jumapili asubuhi," alisema Ettie. "Na kanisa letu hatua arobaini kutoka shimoni. Kwa kawaida tuliimba nyimbo nne. Mwaka ule tuliimba nane. Mimi nilikuwa na miaka saba, nikadhani Mungu ameongeza. Mama ananifinya, kaza koo, mtoto, kaza koo. Ili sururu zisisikike."

Doreen alisema haiwezekani. Baba yake alikuwa mhubiri wa kanisa lile.

Ettie akanyanyuka kwa shida, akaenda kabatini, akarudi na kopo la tumbaku. Ndani mlikuwa na vikaratasi, vingine vimekunjwa kwa ukubwa wa kucha, kila kimoja na jina na namba na tarehe. Doreen hakuhitaji kuelezwa. Ni kura. Katika migodi yetu yote, kila miezi mitatu, watu walipiga kura za mahali pa kuchimbia, kutoka kwenye kofia, ili meneja asiweze kumpa rafiki yake pakavu na adui yake penye maji. Ukiokota pabaya ulikaa pabaya, wala hukulalamika. Kumbe hata katika shimo la wizi, wakiwa na njaa, wamelala kifudifudi, walipiga kura. Kila wiki.

Kila tarakimu ya saba ilikatwa kwa mstari katikati, kama geti. Doreen aliijua saba hiyo. Ilikuwa ya mkono wa baba yake, kwenye Biblia ya nyumbani, palipoandikwa tarehe yake ya kuzaliwa. 6 Juni. 13 Juni. 20 Juni. 27 Juni. Alihesabu kwa vidole, mara mbili. Zote zilikuwa Jumapili.

Yeye mwenyewe alikuwa na miaka saba, kama Ettie wakati ule, alipokata mwanasesere wa karatasi kwa mkasi wa mama yake Jumapili alasiri. Mama alikuwa mgonjwa kitandani, na Doreen hakuwa na wa kucheza naye. Baba alivua mkanda. Alimwambia, akipumzika kati ya pigo na pigo, kwamba siku ya Bwana si ya mikono. Mama alikufa miaka miwili baadaye, asimwambie lolote kuhusu nyimbo nane. Na Doreen maisha yake yote hajawahi hata kuosha kikombe Jumapili kabla ya jua kuzama bila kuhisi mgongo ukimwasha.

"Waliapa," Ettie alisema. "Kwamba hakuna atakayetaja hadi wa mwisho wao afe. Si kwa ajili ya wizi, shoga. Makaa ya yule tajiri, nani angeona aibu? Ni kwa ajili ya siku. Wa mwisho alikuwa baba yangu, mwaka themanini na moja. Kiapo nilikizika naye. Kilichobaki ni aibu tu, na hiyo sijui nani anaifuga."

Doreen alijua nani anaifuga. Aliomba kopo, akapewa.

Ijumaa Wilf alikuwa kwenye bustani yake kama siku zote, amevaa kofia, amepiga magoti mbele ya mtaro wa liki. Maonyesho ya liki yalikuwa kesho, pale klabuni. Mtu wa Wrayburn huanza kuzilea Januari, huzinywesha vitu ambavyo mkewe hajui, na wiki ya mwisho huzilinda kama mgonjwa mahututi. Za Wilf zilikuwa nene kama mkono wa mwanamume, nyeupe, na moja ilizipita zote. Mbwa wake mwembamba alilala kando, amevishwa sweta.

Doreen hakusalimu. Alifungua kopo akammwagia vikaratasi kwenye kofia aliyoivua kujipepea. Wilf alivitazama kwa muda mrefu. Alikuwa na miaka sabini na sita, na sura yake ilibadilika ikawa ya mtu aliyekutwa bafuni.

Alijitetea, lakini si kwa yale aliyoyatarajia Doreen. Hakusema kwamba alisahau. Alisema baba alimwambia siku moja tu, akimfundisha kupima mwendo kwa hatua, akamtembeza shambani akamwonyesha kila mahali pa kura, pa kwanza hadi pa kumi na moja. Alisema kwamba jina la Josiah Nattrass liko kwenye ukuta wa kanisa kwa herufi za shaba, na yeye Wilf ndiye mzee wa kanisa anayelipiga brashi. Akasema hizo nyumba mpya hata hivyo zina msingi mzito, na mashimo ya namna ile hujaa yenyewe.

"Mtoto wa Gemma atalala juu yake," alisema Doreen.

"Wewe ulimwosha baba miguu," Wilf akasema. "Ulimlisha kwa kijiko, ukamfumba macho. Watu wote wanasema, Doreen alimtunza baba yake. Mimi alinipa hiki tu, Doreen. Hiki kimoja. Hakukupa wewe."

"Mimi alinipa mkanda."

Doreen akainama, akaishika ile liki kubwa shingoni kwa mikono miwili, akaivuta.

Sauti yake haikuwa kubwa, kama kitambaa kinachochanika. Lakini kwenye bustani za jirani wanaume wawili walisimama wima, kwa kuwa Wrayburn mtu anaweza kumwibia mwenzake mke akasamehewa kabla ya Krismasi, ila hili halikuwahi kufanyika mchana, na mwenye liki akiwa amepiga magoti mbele yake. Doreen aliilaza juu ya udongo pamoja na mizizi yake. Akakusanya vikaratasi vyake kutoka kwenye kofia, kimoja kimoja. Akamwambia kaka yake kwamba Jumapili, wimbo wa nne ukiisha, yeye Doreen atasimama kanisani asome kila jina na kila tarehe, na akipenda amzuie.

Jumamosi Wilf hakupeleka liki klabuni. Gemma alimpigia simu bibi yake kumuuliza kama kweli amechanganyikiwa kama watu wanavyosema, na Doreen akamjibu kwamba bado, lakini wampe hadi kesho.

Jumapili tulikuwa kumi na wanne kanisani, na kumi na wanne ni wengi kwetu siku hizi. Gemma alikuja pia na mtoto, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Wilf alisimama mbele kwa suti yake ya rangi ya makaa akitangaza nyimbo, kwa kuwa mhubiri wa zamu alikuwa na vijiji vitano na asingefika kabla ya saa tano. Doreen alikaa benchi la pili, kopo mapajani. Wimbo wa kwanza ulipita, wa pili, sala, wa tatu. Wa nne ulipokwisha alishika mgongo wa benchi akaanza kunyanyuka.

"Wimbo wa tano," alisema Wilf.

Bi. Featonby, mpiga kinanda, akageuka kumtazama, kwa sababu ubao ukutani ulikuwa na namba nne tu. Wilf akautaja ukurasa. Tukaimba. Kumsomea mtu majina juu ya wimbo ni jambo ambalo hata Doreen na hasira zake hakuliweza, akakaa. Ulipokwisha akanyanyuka tena.

"Wa sita."

Hapo watu walianza kutazamana. Wengine walidhani mhubiri amechelewa. Mzee Coulthard, ambaye hasikii vizuri, aliuliza kwa sauti kama ni Pasaka. Tukaimba wa sita. Wilf alikuwa anaimba kwa kichwa kilichoinuliwa, akitokwa jasho, akimwangalia dada yake kama anayezuia mlango kwa bega. Wa saba sauti zetu zilikuwa zimekauka, na ni yeye na Doreen tu walioimba kwa nguvu, kila mmoja akimwimbia mwenzake usoni.

"Wa nane," alisema Wilf.

Akafungua kitabu. Akakaa nacho wazi mikononi. Bi. Featonby alipiga mistari ya kwanza, akairudia, lakini Wilf hakuanza. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Sisi hatukujua anahesabu nini. Doreen alijua, na hakumhurumia. Alisimama tu na kopo lake, akasubiri, wala hakulifungua.

Wilf akafunga kitabu, akakiweka juu ya meza, akapita katikati ya mabenchi hadi nje bila kuchukua kofia.

Tulimfuata wote. Alivuka njia, akapita kwenye pengo la uzio wa kampuni kama mtu anayeingia kwake, akaenda moja kwa moja kwenye ukingo wenye miiba. Hapo aligeuka, akajinyoosha, akaanza kutembea kwa hatua zilizolingana. Kila baada ya hatua sita alikuwa akisema namba. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye namba nne alikuwa katikati ya kiwanja namba kumi na nne, juu ya kokoto zilizokwisha kusawazishwa kusubiri zege la kesho, mahali hasa pa lile duara la theluji. Gemma alimkumbatia mtoto akasema, "Bibi." Lakini Wilf hakuwa amesimama.

Tano. Sita. Alivuka barabara mpya ya lami. Saba. Nane. Alikanyaga majani ya nyumba namba tisa, iliyokwisha kujengwa, yenye mapazia, yenye gari ambalo mwanamume kijana aliyevaa kaptura alikuwa akiliosha kwa ndoo. Nyuma ya gari mtoto wa kike alikuwa anaruka juu ya turubai la kurukia, juu chini, juu chini.

"Kumi na moja," alisema Wilf. "Hapa ndipo palipokuwa papana. Mwishoni walizitoa nguzo za makaa zenyewe, maana yalikuwa mazuri. Juu hakujashikiliwa na kitu."

Doreen alimsogelea hadi karibu kabisa.

"Nyumba hii ina watu tangu Aprili."

"Najua."

"Unapita hapa na mbwa kila asubuhi."

"Najua, Doreen."

"Yule mtoto unamjua jina?"

Wilf alilijua. Tulimwona kwamba alilijua.

Tulidhani Doreen atampiga. Badala yake alimpita, akamwendea mwenye gari, akamwambia amtoe mtoto kwenye lile turubai sasa hivi, ampitishe barabarani, kisha amtoe mkewe ndani, na wasirudi kuchukua kitu chochote. Yule kijana akamtazama huyu mwanamke wa koti la kanisani na sponji bado mkononi mwake.

"Si wewe ndiye Bibi Reli?"

"Ndiye. Mtoe mtoto."

Kuna sauti ambayo wapishi wa shule huitumia, na kijana alikuwa amesoma shule fulani mahali fulani. Aliangusha sponji. Baada ya dakika tano wote watatu walikuwa barabarani, mama akiwa na taulo kichwani. Gemma alikuwa akimpigia Craig simu, na mwanzoni Craig alicheka, kisha akaacha. Jumanne mtambo wa kutoboa ardhi ungeletwa, na chuma chake kingeshuka mita tatu kwa shida, halafu mita mbili bila kugusa kitu. Lakini saa ile hakuna aliyehitaji mtambo. Ilitosha kumtazama Wilf alivyosimama kwenye majani yale, miguu imetengana kidogo, kama mtu aliye juu ya barafu.

Doreen alimrudia Wilf akampa kopo.

"Wasomee wewe. Majina yote, na siku. Anza na la baba."

"Utasimama hapa?"

"Nimesimama vya kutosha."

Gemma alimwita, akamwambia asubiri, watampeleka kwa gari, atakunywa chai kwao. Doreen alimbusu mtoto kwenye kisogo, akasema chai atajipikia mwenyewe, na vyombo ataviosha leoleo, mchana kweupe. Akatoka kwa lile pengo la uzio, akashuka kwenye ukingo, akapanda tuta la reli. Sisi tulibaki barabarani tukiwa na vitabu vya nyimbo mikononi, na familia isiyo na nyumba, na mbwa aliyekuwa amemfuata bwana wake akalala katikati ya lami. Wilf alifungua kikaratasi cha kwanza. Ilimchukua muda kukinyoosha.

"Josiah Nattrass," alisoma. "Mahali pa saba. Tarehe sita Juni. Jumapili."

Huko kwenye tuta Doreen hakugeuka. Tuliona fimbo yake ikigonga jiwe moja, kisha lililofuata, hadi miiba ilipomficha.